Kifaranga Wako Anachechemea? Angalia Mguu Kabla ya Kutafuta Dawa

Kwa kawaida hapa tunazungumzia presha, kisukari na chanjo za watoto. Leo tutazungumzia kuku, na sababu ipo. Tangu bei ya mayai ilipopanda hapa Marekani mwaka 2022, na ikapanda tena mwanzoni mwa 2025, nasikia sauti za kuku nyuma ya nyumba za watu wetu wengi zaidi. Na swali ninaloulizwa kanisani, harusini, hata msibani, ni hili: "Dada, kifaranga wangu hasimami, mguu umelegea. Nimpe dawa gani?" Mara nyingi anayeuliza ana dawa tayari mkononi. Kuna mwenye vidonge vya Flagyl vilivyosafiri kwenye begi kutoka nyumbani, na kuna mwenye kapsuli za antibayotiki zilizobaki baada ya jino kung'olewa.

Niseme wazi mapema kwamba mimi ni muuguzi wa binadamu, si daktari wa mifugo. Nitaeleza yale ambayo mfugaji mwenyewe anaweza kuyaona na kuyafanya nyumbani, halafu nitaingia kwenye afya ya watu waliomo ndani ya nyumba, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu.

Jibu fupi ni hili. Kifaranga wa chini ya wiki 3 akilegea mguu, mara nyingi tatizo ni sakafu, chakula au ajali, na wengi wanapona ukiwahi siku hiyo hiyo. Kuku kijana wa wiki 6 na kuendelea akilegea mguu bila jeraha, fikiria ugonjwa wa mahepe, ambao hauna dawa. Katika hali zote hizi mbili antibayotiki si kitu cha kwanza kukimbilia.

KWA NINI HUKU MIGUU INASUMBUA KULIKO NYUMBANI

Nyumbani kifaranga wa kienyeji anamfuata mama yake. Anakanyaga udongo wenye nyasi na vijiti ambavyo kucha zinashika. Anakula mchwa, majani mabichi na wadudu, na analala juani. Hakuna aliyewahi kumpimia vitamini, lakini vitamini anazipata.

Huku kifaranga huyo huyo amekuja kwa posta. Usicheke, ni kweli: posta ya Marekani imekuwa ikisafirisha vifaranga wa siku moja tangu mwaka 1918, kwa sababu kifaranga anapoanguliwa anakuwa bado na kiini cha yai tumboni kinachomlisha kwa siku 2 hadi 3. Kutoka posta anapelekwa dukani, kutoka dukani anaingia kwenye boksi ndani ya gereji yako, chini ya taa ya joto. Mama hayupo, na udongo na jua havipo. Chochote ambacho hukumwekea kwenye lile boksi, hana pa kukipata. Kwa hiyo mguu unaolegea ndiyo dalili ya kwanza kwamba kuna kitu kimekosekana.

Hapa naomba tuelewane kuhusu chakula. Wapo wanaowalisha vifaranga ugali uliobaki, wali na mahindi ya kupondwa, kwa sababu nyumbani tulifanya hivyo na kuku walikua. Walikua kwa sababu ugali ule ulikuwa nyongeza tu. Ndani ya boksi, ugali ukiwa ndiyo mlo mzima, kifaranga anakosa vitamini B2, vitamini D3 na madini ya manganizi, na vyote hivyo vinaonekana kwenye miguu. Nunua chakula cha vifaranga kilichotengenezwa kiwandani. Na gunia usiliweke miezi mingi kwenye gereji. Gereji ya Texas mwezi wa Julai ni tanuri, na vitamini zinaharibika kwa joto. Angalia tarehe ya kutengenezwa kwenye lebo, ununue gunia dogo litakaloisha mapema.

Kosa jingine ni kuwachanganya vifaranga na kuku wakubwa na wote kula chakula cha kuku wa mayai. Chakula hicho kina kalisi ya karibu asilimia 4, wakati cha vifaranga kina kama asilimia 1. Kalisi nyingi hivyo inaumiza figo za kifaranga. Kama unao wa umri tofauti mahali pamoja, walishe wote chakula cha kukuzia, na wale wanaotaga uwawekee maganda ya chaza kwenye bakuli la peke yake.

MSHIKE, MWANGALIE

Kabla ya kitu chochote, mtoe kwenye kundi. Kifaranga anayeanguka anakanyagwa, anadonolewa, na mara nyingi anakufa kwa kiu na njaa kabla ya ugonjwa wenyewe kumuua, kwa sababu chombo cha maji kiko hatua tatu na yeye hawezi kufika. Mweke kwenye boksi dogo lenye taulo chini, maji ya kina kifupi na chakula karibu na mdomo wake. Kama bado hajaota manyoya anahitaji joto: wiki ya kwanza nyuzi 95 za Fahrenheit, yaani 35 za Selsiasi, halafu unapunguza nyuzi 5 za Fahrenheit kila wiki. Wakati wa kiangazi gereji nyingi za huku zinafika hapo zenyewe mchana, kwa hiyo zima taa usimwoke.

Sasa mwangalie kwa dakika tano bila kumgusa. Je, ni mguu mmoja au yote miwili? Anajaribu kusimama au amekata tamaa? Anakula? Halafu mgeuze taratibu, ulinganishe mguu mbaya na mzuri kuanzia nyonga hadi vidole. Tafuta uvimbe, joto, jeraha, mfupa unaocheza mahali pasipo na kiungo. Weka kidole chako chini ya unyayo: mguu wenye mishipa ya fahamu iliyo hai utajaribu kukikamata. Usipokikamata kabisa, tatizo linaweza kuwa kwenye mshipa wa fahamu, si kwenye mfupa.

Na angalia uzi. Hili nalisisitiza kwa sababu gereji zetu nyingi ndizo pia saluni za Jumamosi. Nywele za rasta zinapeperuka sakafuni, zinaingia kwenye maranda, zinajizungusha kwenye kidole au kifundo cha kifaranga, na kadiri anavyokua zinabana. Utaona sehemu ya chini imevimba, kisha inageuka nyekundu iliyoiva, mwisho nyeusi. Kata nywele hizo kwa mkasi mdogo wenye ncha butu, kwenye mwanga mzuri, ukiwa na mtu wa kukushikia. Ukiwahi, mguu unarudi.

Huku Texas kuna pia wale siafu wekundu wanaojenga vichuguu kwenye nyasi. Wakivamia vifaranga wanawauma miguu na macho, na kifaranga mdogo anaweza kufa. Kama miguu ina vipele na imevimba, hamisha boksi kwanza, mambo mengine baadaye.

WADOGO: SIKU YA 1 HADI WIKI YA 3

Kuna kifaranga ambaye miguu yote miwili imetawanyika kushoto na kulia, tumbo liko chini, anaogelea badala ya kutembea. Huyu mara nyingi amewekwa kwenye gazeti au plastiki inayoteleza. Tiba yake ni rahisi na haihitaji duka la dawa. Chukua ile bendeji inayojishika yenyewe au plasta laini, kata kipande chenye upana wa sentimita 1, fungia miguu yote miwili kama pingu chini kidogo ya kile kiungo kinachopinda kwa nyuma. Acha nafasi kati ya miguu sawa na anavyosimama kifaranga mzima, kama sentimita 2 na nusu. Usikaze, lazima damu ipite. Mweke juu ya taulo au mpira wenye vitundu. Atalalamika na kuanguka mara kadhaa, kisha atazoea. Badilisha bendeji kila siku mbili kwa sababu anakua haraka. Akianza mapema, siku 3 hadi 5 zinatosha. Ukingoja wiki mbili, mifupa imeshakomaa vibaya.

Wa pili ni yule anayetembea kwa magoti huku vidole vimejikunja ndani kama ngumi. Hapo fikiria ukosefu wa vitamini B2, ambayo jina lake jingine ni riboflavini. Unga wa vitamini za kuku unauzwa kwenye maduka ya mifugo. Changanya kwenye maji kama pakiti inavyosema, kila siku maji mapya kwa sababu mwanga unaiua riboflavini. Wafugaji wengi wa huku hutumia matone ya vitamini za watoto wachanga, tone moja mdomoni kwa siku kwa muda wa wiki moja, lakini ni yale yasiyo na madini ya chuma. Soma chupa, zipo za aina zote mbili, na chuma ikizidi ni sumu. Vidole unaweza kuvinyoosha juu ya kipande cha karatasi ngumu kilichokatwa kama kiatu, ukavibandika kwa plasta siku 2 au 3. Akipata vitamini mapema utaona mabadiliko ndani ya siku chache. Mshipa wa fahamu uliokwisha haribika hauponi.

Tahadhari moja: kama vifaranga wako wanatibiwa kuhara damu kwa dawa ya Corid, dawa hiyo inafanya kazi kwa kuwanyima vimelea vitamini B1. Ukimwaga mchanganyiko wa vitamini B kwenye maji hayo hayo unaifuta dawa. Maliza moja, ndipo uanze nyingine.

Wa tatu ni mgumu zaidi. Mguu mmoja umepinda kwenda pembeni, kile kiungo cha katikati kimevimba au kimebapa, na ukipapasa nyuma yake hulipati lile kano linalopaswa kupita katikati kama kamba kwenye roda. Kano limeteleza kando. Chanzo kinaweza kuwa kukosa manganizi, kuumia, au damu ya ukoo wenyewe. Unanyoosha mguu taratibu kwa nyuma, unalisukuma kano kwa kidole gumba lirudi kwenye mfereji wake, kisha unafunga mguu ukiwa umepinda kidogo kwa siku mbili tatu. Likirudishwa siku ile ile kuna matumaini. Siku kadhaa zikipita, kusema kweli ni bora kumpumzisha kuliko kumtesa.

Matege nayo yapo: mifupa laini, mdomo unaopindika kama mpira, kifaranga anayekaa chini muda wote. Hii ni vitamini D3, kalisi au fosforasi. Mpe chakula kamili na umtoe juani dakika chache kila siku, jua la asubuhi. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halitengenezi vitamini D, na hilo ni kweli kwetu pia, ndugu zangu tunaoshinda ofisini na maghalani.

Kuhusu kuku wa nyama wa kisasa, wale weupe wanaonenepa kama wamepulizwa: hao mwili unaikimbia miguu. Wamezalishwa wachinjwe wakiwa na wiki 6 hadi 8. Ukiwafuga miezi minne ukitegemea mayai, wengi wao watalala na hawatainuka, na hakuna vitamini ya kuwanyanyua. Uliza dukani ni kuku wa aina gani kabla hujalipa.

VIJANA: MAHEPE

Sasa tuje kwa huyu anayewaumiza watu roho. Umemlea miezi mitatu, ameota manyoya mazuri, watoto wamempa jina, unahesabu wiki za kupata yai la kwanza. Asubuhi moja anachechemea. Kesho yake ameanguka ubavu, mguu mmoja umenyooka mbele na mwingine nyuma, kama mtu anayeruka kiunzi. Mguu hauna jeraha wala joto. Macho yako wazi, anataka kula, ila hawezi kufika kwenye chakula. Wengine bawa linaning'inia, wengine mboni ya jicho inageuka kijivu, na siku hadi siku anakonda mpaka unaushika mfupa wa kifua kama kisu.

Hayo ndiyo mahepe. Wamarekani wanauita ugonjwa wa Marek, kwa jina la József Marek, daktari wa mifugo wa Hungary aliyeueleza mwaka 1907. Ni virusi wa jamii ya hepisi. Wanaingia kwa njia ya pumzi, wanavimbisha mishipa ya fahamu, hasa ule mkubwa uendao mguuni, na wanaleta uvimbe wa saratani kwenye ini, bandama na viungo vingine. Dalili zinaweza kuanza kwenye wiki ya 4, lakini wengi zinawapata kati ya wiki ya 6 na mwezi wa 5 hivi.

Hayana dawa. Narudia kwa sababu najua kuna mtu atauziwa dawa: hayana dawa, si ya hospitali, si ya mitishamba, si mafuta ya upako. Kinachotibika ni yale yanayofanana nayo. Kwa hiyo mpe huyo kuku siku 7 hadi 10 peke yake, maji na chakula mdomoni, vitamini kwenye maji. Kama ilikuwa ni kuteguka au ukosefu wa vitamini, atapata nafuu. Kama anazidi kupooza na kukonda, umepata jibu lako. Wapo wanaoinuka kwa muda kisha wanaanguka tena, na hao bado wanabeba virusi.

Watu wengi hawajui kwamba virusi hawa wanaishi kwenye vumbi la manyoya, na vumbi hilo linabaki na uwezo wa kuambukiza kwa miezi mingi. Linasafiri kwenye kiatu chako. Ukienda kumtembelea rafiki anayefuga, ukaingia bandani kwake, ukarudi moja kwa moja bandani kwako, umelileta. Weka viatu vya banda peke yake. Na kuku mgeni, hata akiwa zawadi ya sherehe, akae mbali na wenzake siku 30.

Kinga ni chanjo, nayo inatolewa kwenye kituo cha kuangulia, kifaranga akiwa bado ndani ya yai au siku ile ile ya kutoka. Ukisubiri kumchanja nyumbani akiwa na wiki kadhaa, huenda vumbi limeshamwahi. Hapa Marekani chanjo ilianza kutumika mapema miaka ya 1970 na mashamba makubwa wanachanja wote. Lakini vifaranga wa kufuga nyumbani si lazima wawe wamechanjwa. Ukiagiza, mara nyingi ni huduma ya hiari unayolipia senti kidogo kwa kila kifaranga. Uliza swali hilo kabla ya kununua: "Hawa wamechanjwa mahepe?" Kwa Kiingereza taja jina la Marek, watakuelewa. Na ujue mipaka ya chanjo hiyo: inamkinga kuku asipate uvimbe na kupooza, haimzuii kuambukizwa wala kuwaambukiza wengine. Ndiyo maana wachanjwe wote, usichanganye waliochanjwa na wasiochanjwa.

Mahepe hayamwambukizi binadamu. Mayai ya kuku wenzake waliobaki wazima ni salama kwenu. Hata hivyo kuku mgonjwa asiingie jikoni, kwa sababu hujui kwa hakika ana nini kingine. Najua kutupa nyama kunauma. Mchinje kwa kumwondolea mateso, mfunge kwenye mifuko miwili, uishie hapo.

Ukitaka uhakika, maabara ya uchunguzi wa mifugo ya Texas A&M inapokea kuku aliyekufa, inampasua na kukuambia kilichomuua. Makao yake ni College Station, mwendo wa kama saa 1 na nusu kutoka Houston na karibu saa 3 kutoka Dallas, na wana tawi la kuku Gonzales. Mweke kwenye friji na barafu, si kwenye friza, maana akiganda nyama inaharibika kwa uchunguzi. Piga simu kwanza uulize gharama. Ofisi za ugani za AgriLife zipo karibu kila kaunti, Dallas, Tarrant na Harris zikiwemo, na ushauri wao ni bure. Zahanati nyingi za mbwa na paka hazipokei kuku, kwa hiyo uliza kabla hujaendesha gari.

UVIMBE, NA HIZO KAPSULI

Kama unyayo umevimba na una kidonda cheusi kigumu katikati, hilo ni jipu la unyayo, mara nyingi la bakteria wa stafilokokasi walioingia kupitia mkwaruzo. Kuku mzito anayeruka kutoka juu kwenye sakafu ngumu ndiye hupata. Likiwa dogo, loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya Epsom dakika 10, paka dawa ya kuua vijidudu, funga kwa bendeji safi, shusha kilalio chake. Usilikate kwa wembe mezani jikoni. Usaha huo unaambukiza watu. Vaa glavu.

Viungo vikivimba na kuwa na joto, tena kwa kuku zaidi ya mmoja, kuna maambukizi ndani, na hapo ndipo antibayotiki inaweza kuhitajika. Lakini iandikwe na daktari wa mifugo. Zamani mtu aliingia duka la mifugo akanunua tetrasaiklini ya kuchanganya kwenye maji. Tangu Januari 2017 hiyo ya maji inahitaji cheti, na kuanzia Juni 2023 hata sindano zilizobaki zikaingia kwenye utaratibu huo huo.

Kuhusu dawa zako za kabatini, nitasema bila kuzunguka. Flagyl hairuhusiwi Marekani kwa mnyama yeyote anayeliwa, na kuku ni mnyama anayeliwa hata kama wewe umempa jina. Kloramfenikoli hairuhusiwi, kwa sababu hata kiasi kidogo kinaweza kuharibu uboho wa binadamu. Dawa za jamii ya sipro ziliondolewa kwa kuku mwaka 2005, baada ya kuonekana kwamba zinazalisha bakteria sugu wanaohamia kwa watu. Mimi nawahudumia wagonjwa ambao dawa tatu zimeshindwa na ya nne inatafutwa. Mabaki ya dawa yanapita kwenye yai, na yai analila mwanao asubuhi kabla ya basi la shule.

UKIONA HAYA, PIGA SIMU

Kuchechemea kwa kuku mmoja si dharura. Lakini kuku kadhaa wakianguka kwa pamoja, wakifa ghafla bila dalili, shingo zikipinda, kichwa kikivimba, upanga ukigeuka zambarau, kuhara kijani, kukoroma, hapo tunazungumzia mdondo, wengine mnauita kideri, au mafua ya ndege. Mdondo mkali uliingia kusini mwa California mwaka 2018 na ukachukua hadi 2020 kuudhibiti, na makundi mengi yaliyoathirika yalikuwa ya kuku wa nyumbani kama hawa wetu. Mafua ya ndege ya H5N1 yako kwenye kuku wa Marekani tangu 2022, na mwaka 2024 mtu mmoja hapa Texas aliyefanya kazi na ng'ombe wa maziwa wagonjwa aliyapata. Dalili yake ilikuwa macho mekundu.

Usiwaguse kwa mikono mitupu, usiwagawie majirani nyama. Piga Tume ya Afya ya Wanyama ya Texas, 1-800-550-8242, au wizara ya kilimo ya Marekani, 1-866-536-7593. Kupiga simu hizi hakuna uhusiano na karatasi zako za uhamiaji; wanauliza habari za kuku. Na kama wewe uliyewashika umepata homa, kikohozi au macho mekundu ndani ya siku 10, mwambie daktari kuhusu kuku kabla hajakuuliza.

WATOTO, NA HASA WENYE SELIMUNDU

Kifaranga mgonjwa analetwa sebuleni. Watoto wanambeba, wanambusu, wanamlaza kwenye mto. Hapa ndipo mimi muuguzi nasimama mlangoni. Kuku mzima kabisa, asiye na dalili yoyote, anaweza kubeba salmonela kwenye kinyesi na manyoya. Mwaka 2020 idara ya serikali ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilihesabu zaidi ya wagonjwa 1,700 waliopata salmonela kutokana na kuku wa nyumbani. Watoto wa chini ya miaka 5 wasiwashike kabisa. Wazee wa zaidi ya miaka 65, wajawazito na wenye kinga dhaifu wawaachie wengine kazi ya banda. Mikono ioshwe kwa sabuni kila mara, na vyombo vya maji ya kuku vioshwe nje, si kwenye sinki unaloshea mchicha. Boksi la mgonjwa likae gereji au kwenye veranda, lisikae jikoni.

Na kuna familia ambazo nataka kuzungumza nazo peke yake: zile zenye mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ambao wengine tunauita siko seli. Katika watu wetu wa Kongo, Uganda, Tanzania na pwani ya Kenya ugonjwa huu tunaujua vizuri. Kwa mtoto huyu salmonela haiishii tumboni. Inaweza kupita kwenye damu ikaingia kwenye mifupa, na dalili yake inafanana na maumivu ya kawaida ya selimundu: mkono au mguu unauma, mtoto anachechemea, ana homa. Mzazi anampa dawa ya maumivu na maji mengi kama alivyofundishwa, akisubiri ipite, kumbe mfupa unaoza.

Kwa hiyo kama nyumbani kuna mtoto mwenye selimundu, ushauri wangu ni asihusike na kuku hata kidogo, na kama hilo haliwezekani kwa nafasi mliyonayo, msifuge. Nyumba yenye kuku na mtoto wa selimundu mwenye homa ya nyuzi 101 za Fahrenheit au zaidi, aende hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, hata kama hachechemei. Mapokezini omba mkalimani wa Kiswahili, ni haki yako na ni bure. Mwambie daktari mambo mawili kwa pamoja: mtoto ana selimundu, na nyumbani tunafuga kuku.